Treetops, The Ark au Outspan: kuchagua pa kulala ukiitembelea Aberdare

Anayepanga kulala usiku mmoja au miwili kwenye milima ya Aberdare, karibu na mji wa Nyeri nchini Kenya, hukutana mapema na majina matatu: Treetops, The Ark na Outspan. Zote ni nyumba za wageni zenye umri mkubwa, zote hutangazwa kwa picha zinazokaribiana, na si ajabu kumsikia wakala wa safari akizitaja kwa mkupuo mmoja kana kwamba kinachozitenganisha ni bei peke yake. Ukweli ni kwamba kila moja inampa mgeni kitu cha aina yake. Anayekwenda Treetops akitafuta msitu mnene anaweza kurudi amenung'unika, na anayekwenda The Ark akitafuta nyayo za historia anaweza kuona kwamba amelipia kitu asichokihitaji, ilhali kila nyumba imetimiza wajibu wake.

Kabla ya kulinganisha, ni vyema tukubaliane juu ya vigezo. Cha kwanza ni historia: ni nini hasa kilichotokea mahali hapo, na ni sehemu gani ya historia hiyo ambayo mgeni wa leo anaweza kuiona kwa macho. Cha pili ni msitu na wanyama, kwa kuwa Hifadhi ya Kitaifa ya Aberdare, iliyotangazwa mwaka 1950 na yenye eneo la takriban kilomita za mraba 766, ndiyo sababu ya nyumba hizi kuwapo. Cha tatu ni namna usiku wenyewe unavyopita: chumba, baridi, kelele, usingizi. Cha nne ni mambo ya kufika, mizigo na malipo. Hali ya msafiri mwenyewe, yaani umri wake, afya yake na watu alioandamana nao, nimeigusa ndani ya vigezo hivyo na kuirudia mwishoni.

Historia

Hapa ndipo Treetops inapozishinda nyenzake kwa uzito, na ndipo pia inapohitaji mgeni mwenye kuuliza maswali. Mwaka 1928 Eric Sherbrooke Walker alifungua Hoteli ya Outspan mjini Nyeri, na mwaka 1932 akajenga juu ya mti wa mugumo, ndani ya msitu, kibanda kidogo cha kutazamia wanyama usiku. Mti huo haukuwa mti wa kawaida machoni pa wenyeji, maana mugumo kwa Wagikuyu ni mti wa ibada, unaoheshimiwa na usiokatwa ovyo. Miaka ishirini baadaye, usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza na mumewe Philip walilala humo, na usiku huohuo babake, Mfalme George wa Sita, akafariki dunia nchini mwao. Inafaa kusahihisha jambo ambalo husimuliwa vibaya mara nyingi: Elizabeth alikuwa Treetops ufalme ulipomwangukia, lakini habari yenyewe haikumfikia huko. Aliipokea baada ya kushuka na kurudi katika Loji ya Sagana, nyumba aliyokuwa amezawadiwa kwa ajili ya harusi yake, na ambayo leo ni ikulu ndogo ya serikali ya Kenya.

Matangazo mengi huishia hapo. Msitu haukuishia hapo. Mwezi Oktoba wa mwaka huohuo wa 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua, ikawa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka 1954 wapiganaji hao waliichoma Treetops ikateketea. Dedan Kimathi, aliyeongoza vita kutoka katika misitu hii, alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka huohuo wa 1957 Treetops mpya, kubwa kuliko ya kwanza, ilijengwa upande wa pili wa bwawa. Kwa maoni yangu, mtu asiyeziona tarehe hizi zikiwa zimesimama pamoja hajaielewa Treetops, hata akiwa amepigwa picha mbele ya kila kibao kilichomo. Ni nyumba iliyojengwa upya juu ya msitu uliokuwa umetoka kupiganiwa, na familia nyingi za Nyeri, Murang'a na Nyandarua zina mtu aliyeingia katika msitu ule asirudi.

Kwa hiyo mgeni ajue anachokiona. Jengo la sasa si lile la mwaka 1952. Chumba alicholala Elizabeth kiliungua pamoja na mti wake. Kilichobaki ni mahali, bwawa, na kumbukumbu zilizohifadhiwa ndani ya nyumba, zikiwamo za ziara yake ya pili ya mwaka 1983. Akipatikana kiongozi wa wageni aliyezaliwa maeneo hayo, muulizeni habari za mugumo uliotumiwa na wapiganaji kuachiana barua msituni, ambao wengi huuita posta ya Kimathi. Simulizi hilo ni la mahali palepale sawasawa na lile la malkia, na linastahili muda uleule.

Outspan ina historia ya utulivu zaidi, na faida yake ni kwamba sehemu kubwa yake bado ipo kwa kugusika. Ndani ya bustani zake kuna nyumba ndogo iitwayo Paxtu, alikoishi Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, tangu mwaka 1938 hadi alipofariki tarehe 8 Januari 1941. Nyumba hiyo imehifadhiwa kama makumbusho, na kaburi lake liko mjini Nyeri, mwendo mfupi kutoka hotelini. Juu ya jiwe la kaburi kuna alama ya duara lenye nukta katikati, ambayo skauti yeyote anaitambua: nimekwenda nyumbani. Jim Corbett, mwindaji na mwandishi aliyejulikana kwa habari za chuimilia wa India, naye aliishi Paxtu baada ya Baden-Powell, alikuwapo Treetops usiku ule wa mwaka 1952, na akazikwa katika makaburi hayohayo mwaka 1955. Kwa mzazi au mwalimu mwenye kundi la skauti, hoja hii peke yake inatosha kuifanya Outspan iwe ya kwanza katika orodha.

The Ark ni changa kati ya tatu. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa umbo la safina ya Nuhu, nayo haina malkia wala mwanzilishi wa chama cha dunia. Haijidai kuwa nayo, na hilo ni la kuheshimiwa.

Msitu na wanyama

Katika kigezo hiki mizani inageuka. The Ark imezungukwa na msitu wenyewe, mnene, wenye ukungu na miti iliyoning'iniwa na kuvumwani na ndevu za mzee, yaani nyuzi za kijivu ziotazo matawini. Mbele yake kuna bwawa na udongo wenye chumvi ambao wanyama huja kuulamba, na hiyo chumvi ndiyo siri ya mahali pote: tembo, nyati, nguruwe wakubwa wa msituni, pongo, kuro na fisi hawaji kwa ajili ya mgeni bali kwa ajili ya madini wasiyoyapata kwa urahisi kwingineko. Faru weusi na chui huonekana mara chache zaidi. Aberdare inajulikana pia kwa chui wenye manyoya meusi, ila asiwepo mtu wa kukuahidi kwamba utamwona. Vivyo hivyo kwa bongo, yule swala mkubwa mwenye mistari myeupe ambaye zamani ndiye aliyewavuta watu The Ark. Inakadiriwa kwamba bongo wa milimani waliobaki porini hawafiki mia moja, na wote wako Kenya. Anayekuuzia safari kwa jina la bongo anakuuzia bahati.

Treetops nayo ina bwawa, ina tembo na nyati kwa wingi, na uwazi wa eneo lake unampa mgeni nafasi ya kuona kundi zima kuanzia mbali hadi linapofika majini. Uwazi huo, hata hivyo, una sababu ya kusikitisha. Picha za miaka ya hamsini zinaonyesha msitu uliokaribia madirisha. Leo sehemu kubwa ya mbele ya nyumba ni nyasi na vichaka, kwa kuwa tembo waliovutwa na maji na chumvi, kizazi baada ya kizazi, wameibomoa miti. Mgeni aliyesoma habari za nyumba iliyo juu ya miti akafika akakuta uwanda wazi hushangaa. Mwenye kupiga picha, kwa upande mwingine, huufurahia uwazi uleule, maana mwanga wa jioni hauzibwi na kitu. Nyani wa Treetops wana sifa yao wenyewe: wamezoea kupanda hadi juu ya paa wakati wa chai, na keki isiyoshikwa vizuri si ya mwenyewe tena.

Outspan haina wanyama wa bwawani. Ina ndege wengi, bonde la mto Chania chini yake, na asubuhi ya anga safi ina Mlima Kenya mbele yako wote. Wanyama utawafuata kwa gari mchana, ukiingia hifadhini kupitia lango mojawapo na kutoka kabla ya giza. Njia hii inadharauliwa bila sababu. Nyumba mbili za msituni zinakuonyesha sehemu moja tu ya Aberdare, ile ya chini upande wa mashariki, na anayelala humo huweza kuondoka bila kujua kwamba juu yake kuna uwanda wa baridi, karibu mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, wenye mito ya samaki aina ya trauti na maporomoko ya Karuru ambayo maji yake hushuka kwa ngazi tatu jumla ya mita 273. Mwenye gari imara la magurudumu manne yanayoendeshwa yote, aliyelala Outspan na kuamka mapema, anaweza kuyaona hayo kwa siku moja.

Jambo moja linazihusu zote tatu. Hifadhi hii na msitu wake vimezungushiwa uzio wa umeme wa takriban kilomita 400, uliojengwa kwa juhudi zilizoanzishwa na shirika la Rhino Ark mwaka 1988 na kukamilika mwaka 2009. Mkulima wa Nyeri analala akijua kwamba mahindi yake hayataliwa na tembo usiku, na tembo naye hauawi shambani. Ukipita langoni, utazame uzio ule kwa makini, kwa kuwa bila huo pengine kusingekuwa na cha kulinganisha.

Usiku wenyewe

Watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba wanakodi chumba. Treetops na The Ark zilijengwa ili watu wakeshe. Taa huwaka juu ya bwawa usiku kucha, na mgeni hutarajiwa kuamka, kuvaa koti, na kushuka au kupanda kwenda kutazama. Vyumba vya The Ark ni vidogo kama vya melini, na hilo linalingana na umbo la nyumba. Nafasi imewekwa kwenye roshani na kumbi zenye vioo, na chini kabisa kuna chumba cha mawe chenye matundu ambapo unamtazama nyati uso kwa uso, akiwa hatua chache kutoka kwako, ukisikia anavyopumua. Kuna pia kengele vyumbani inayolia mnyama wa pekee anapotokea, na asiyetaka kuamshwa huweza kuizima. Nionavyo mimi, aizimaye tangu mapema angelala Outspan, apate kitanda kikubwa na moto wa kuni ukumbini.

Treetops imesimama juu ya nguzo, kwa mbao, na mbao husema: hatua ya mtu mmoja husikika na wengi. Vyumba vyake vya zamani vilikuwa na vyoo vya kuchangia, hadi ukarabati wa mwaka 2012 ulipovipa nafasi zaidi. Kupanda ni kwa ngazi, na asiyeweza ngazi hatastarehe. The Ark inaingiwa kwa daraja refu la mbao lililo tambarare, lipitalo kwenye usawa wa matawi, na daraja hilo linamfaa mzee zaidi, ingawa ndani ya nyumba bado kuna ngazi za kushuka na kupanda kati ya roshani. Outspan ina vyumba vinavyofikika bila kupanda, na ndiyo salama kuliko zote kwa mwenye magoti mabovu.

Baridi isichukuliwe kwa mzaha, hasa na mgeni kutoka Mombasa, Tanga au Dar es Salaam. Nyumba zote za msituni ziko kwenye mwinuko wa kama mita 2,000 au zaidi, na mwezi wa Julai usiku hutaka sweta zito, soksi na kofia. Kuhusu mvua, msimu wa Machi hadi Mei hufanya barabara za ndani kuwa matope na huwatawanya wanyama, kwa sababu maji yamejaa kila bonde. Miezi mikavu ya Januari na Februari, na ile ya katikati ya mwaka, huwarudisha mabwawani.

Kufika, mizigo na malipo

Kutoka Nairobi hadi Nyeri ni takriban kilomita 150 za lami, na matatu, yaani mabasi madogo ya abiria, hazikosekani. Wageni wa The Ark hupokewa kwanza katika Aberdare Country Club iliyo Mweiga, kwenye barabara ya Nyeri kwenda Nyahururu, hula chakula cha mchana, huacha masanduku makubwa na kupelekwa msituni kwa basi alasiri wakiwa na begi dogo la usiku. Desturi ya Treetops ilikuwa hiyohiyo, kituo chake kikiwa Outspan. Kwa hiyo asiye na gari hana sababu ya kuogopa loji za msituni. Mwenye shida ni yule wa Outspan, atakayelazimika kukodi gari ili aingie hifadhini.

Malipo ya kuingia hifadhini ni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini Kenya, KWS, nayo hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, wala si kwa fedha taslimu langoni. Yana viwango tofauti kwa raia na kwa mgeni kutoka nje, kwa hiyo kitambulisho au pasipoti visisahauliwe nyumbani. Unapolinganisha bei za nyumba hizi, uliza kama kiasi ulichotajiwa kinajumuisha malipo hayo, usafiri wa basi na milo yote, kwa maana bei ya Outspan ikiongezewa gari na tiketi ya hifadhi huweza kuisogelea ile ya msituni.

Treetops ina sharti moja zaidi. Ilifunga milango mwaka 2021 wakati wa janga la korona, kwa hiyo anayeipendelea aanze kwa kuwasiliana na wenye nyumba na kupata thibitisho la maandishi la tarehe yake kabla ya kulipa wakala yeyote.

Kwa hali yako

Ikiwa unasafiri na watoto wadogo, anza na Outspan. Loji za msituni zina desturi ya kuweka umri wa chini kwa watoto, kwa sababu ukimya ni sehemu ya kazi yake, na mtoto wa miaka mitatu hana kosa akicheka usiku. Uliza umri huo kabla ya kuwaahidi tembo. Watoto wakubwa wenye subira wataipenda The Ark, hasa kile chumba cha chini.

Ikiwa unampeleka mama au babu aliyekulia Kenya ya kati wakati wa hali ya hatari, usidhani kwamba Treetops ni matembezi mepesi kwake. Wapo watakaotaka kufika na kusimulia, na wapo ambao jina la malkia lililobandikwa ukutani litawaudhi. Muulize kwanza, kwa upole. Akikubali, msindikize ukiwa na muda wa kutosha wa kumsikiliza, na msilale mbali na mjini kama afya yake ni dhaifu.

Ikiwa shauku yako ni historia ya kifalme au ya Skauti, unganisha Treetops na Outspan, na uweke asubuhi nzima kwa Paxtu na makaburi ya Nyeri. Ikiwa ni wanyama na msitu, na unaweza kukosa usingizi kwa moyo mkunjufu, The Ark itakulipa kuliko nyingine. Mpiga picha wa makundi makubwa kwenye mwanga wa jioni ana haki ya kuichagua Treetops kwa uwazi wake, na mpiga picha wa usiku aende The Ark, akalie chumba cha chini na asitumie mwako wa kamera.

Mwenye bajeti finyu na marafiki wa kugawana gari atapata zaidi akilala Nyeri na kuingia hifadhini mchana, akifika hadi Karuru. Kundi linalojipikia, lisiloogopa baridi kali, liulize KWS kuhusu nyumba zake za kujitegemea zilizo juu uwandani, karibu na lango la Kiandongoro.

Na mwenye usiku mbili asilale zote mbili msituni. Alale Outspan kwanza, atazame Paxtu na apumzike, kisha usiku wa pili aende kukesha, akiwa na nguvu ya kuamka saa nane za usiku kengele ikilia. Akianza na msitu, usiku wa pili ataulala mapema akiwa mchovu, na Mlima Kenya utafunikwa na mawingu asubuhi kabla hajafungua pazia.